Begi la mume wangu lilipopanda ndege

Leo naomba tuzungumzie begi. Sisemi pochi, wala lile la magurudumu la kwendea harusini. Nasema lile begi kubwa la mgongoni la watu wa mlimani, lenye mikanda mabegani, mkanda mnene kiunoni na vikamba vinavyoning'inia kila upande kama ndevu za mzee. Najua kuna watakaosema, sasa hilo linatuhusu nini sisi kina mama? Subirini kidogo. Ndani ya begi hilo ilikuwemo ndoa yangu, na ada ya watoto ya muhula mzima.

Kwanza niseme jambo ambalo muuzaji wa mabegi hatakuambia. Begi la mgongoni limetengenezwa kwa ajili ya mgongo wa mtu, basi. Uwanja wa ndege haujui mgongo. Ukishaliweka pale kaunta, likapita lile pazia la mpira, hakuna tena wa kulionea huruma. Linapanda mkanda unaotembea, linakata kona, linaporomoka mteremko, linatupwa kwenye mkokoteni, linalaliwa na masanduku ya watu, na mvua ikinyesha linalowa pale nje likisubiri zamu yake. Na vile vitu vinavyolifanya liwe tamu mgongoni ndivyo vinavyoliponza. Kikamba kimoja kikinasa kwenye ukingo wa mashine, mashine inavuta, begi limekwama, na hapo lazima kitu kikatike. Mara nyingi ni klipu ya kiunoni au mshono wa bega. Sanduku gumu la duka halina cha kunasa. Begi la mlimani lina vya kunasa zaidi ya kumi, hesabu mwenyewe.

Haya yote sikuyajua kwa akili zangu. Mume wangu ni mwongoza watalii wa Kilimanjaro. Alianza mwaka 2006 akiwa mgumu, maana ndivyo sisi huku Moshi tunavyowaita wapagazi wa mlima ule, na kwa kweli jina limewafaa. Mwisho wa mzigo ni kilo 20, na getini wanapima. Miaka kadhaa alibeba mabegi ya wageni kichwani, kisha akasoma, akapata leseni, akawa yeye ndiye anayekwenda KIA kuwapokea. Pale ameona mambo. Begi limetoka na mkanda mmoja. Begi limetoka fremu imepinda kama upinde. Kuna mgeni alipanda siku saba mkanda wa kiuno ukiwa umefungwa kwa kipande cha kamba, mzigo wote unamning'inia mabegani, akashuka anatembea kama mzee wa miaka themanini.

Begi lake mwenyewe aliachiwa na mgeni wa Kijerumani mwaka 2014, kama bakshishi. La lita 65, rangi ya kijani iliyochoka. Amelishona mara sijui ngapi kwa uzi wa kuvulia samaki. Hilo ndilo ofisi yake. Mwingine ana meza na kiti cha kuzunguka, yeye ana hilo.

Mwaka 2020 Korona ilipozuia ndege, mlima ukawa mtupu. Mume wangu alikaa nyumbani. Nyie mlio na waume waliozoea kutoka mnajua ninachosema. Mshahara wangu wa uhasibu wa shule ndio uliokuwa unanunua kila kitu, na yeye akawa anazidi kunyamaza. Aliuza pikipiki. Akauza darubini. Begi hakuliuza, ingawa alikuja mtu mpaka mlangoni na hela mkononi. Kazi ilirudi baadaye, polepole, lakini maneno hayakurudi. Tukawa watu wa kuambizana gesi imekwisha, ada imefika, mtoto anakohoa. Usiku kila mtu na upande wake wa kitanda. Hatukugombana, na nadhani hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Basi mwaka jana, 2025, shosti wangu wa tangu chuo, ambaye ni nesi kule Glasgow, akanipigia. Tulikuwa tunatimiza miaka 40 wote wawili, mwezi mmoja. Akasema, mwenzangu, nusu ya tiketi naleta mimi, njoo tutembee kwa miguu, mimi na wewe tu. Kuna njia ya Uskoti inaitwa West Highland Way, kilomita 154, kutoka Milngavie karibu na Glasgow hadi Fort William. Siku nane, mwezi wa tano, kabla visubi havijawa vingi.

Nilimwambia mume wangu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nikamtajia na mlima uliopo kule mwisho wa njia, Ben Nevis, mkubwa kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Akacheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya muda mrefu! Akasema, "Geti la Marangu liko juu kuliko hapo." Kisha akasema, "Nenda. Utachukua begi langu."

Dada zangu, nitawaambia ukweli wa moyo wangu. Nilitamani abishe kidogo. Aulize nakwenda na nani, nitalala wapi, nani atawapikia watoto. Amenipa ruhusa upesi kama anayetoa chenji. Nililala nikijiuliza kama huyu mtu bado ananihesabu.

Mama mkwe ndiye aliyebisha kwa niaba yake. Tulikwenda kumuaga Marangu, akamwangalia mwanawe, akamwambia mbele yangu, "Mke Ulaya, begi Ulaya. Wewe utabaki na nini hapa?" Wifi akaangalia pembeni. Mume wangu akaendelea kunywa chai yake. Mnajua maneno ya mjini, mke wa mtu akipanda ndege peke yake tayari wameshampangia Mzungu. Lakini swali la begi lilikuwa swali la kweli. Aprili na Mei ni masika, mlimani wageni ni wachache, begi limekaa tu. Mimi nilikuwa narudi tarehe 31 Mei. Safari yake ya kwanza ya msimu ilikuwa tarehe 4 Juni, watu wanane, siku saba. Begi likipasuka au likipotea, anaanza msimu kwa kuazima, na huku kwao mwongozaji anayeazima begi huulizwa maswali. Jipya la ubora ule ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi.

Ndipo yakaja majioni matatu ambayo sitayasahau.

Jioni ya kwanza tulijadili tu nguo ya kulivika begi. Mimi nilidhani litapigwa lile nailoni la kuzungushia pale uwanjani, mambo yamekwisha. Akakataa. Akasema nailoni ile ni ya safari moja. Wakaguzi wakitaka kuangalia ndani wanaipasua, na kutoka hapo begi linaendelea uchi mpaka mwisho. Tena inaziba vishikio vyote, mpakiaji hana pa kushika, anachofanya ni kulisukuma na kuliviringisha. Kava la mvua, lile jembamba linalokuja na begi? Akasema hilo ni la mvua, jina lake linajieleza. Lina mpira ukingoni, ukinaswa linavuka kama soksi. Salfeti ya mchele ni imara na bei yake ni ya mboga, ila ukishaishona mdomo mtu akaikata, utaishona na nini huko mbele? Nikataja shangazi kaja. Hapo alifikiri. Shangazi kaja kubwa linameza begi la lita 65 vizuri kabisa, linakunjwa likawa kama gazeti, na akina mama wa Kitanzania wamevuka nalo dunia nzima. Tatizo zipu yake haina adabu, na mikono yake inang'oka. "Ukiwa huna kingine, lifunge na kamba mara mbili, upana na urefu," akasema, "lakini sisi tunaye fundi."

Fundi yuko pale Memorial, upande wa mitumba, anashona mabegi na mahema. Tulikwenda na begi likiwa limejazwa, maana ukipima begi tupu utapewa kava la begi tupu. Alitumia turubai la lori, akaweka zipu nene upande mmoja mrefu, na vishikio viwili vya mkanda wa gari, kimoja ubavuni na kimoja kichwani. Mume wangu alisimama pale kama mkaguzi wa barabara. Vishikio vizungushwe mpaka chini ya tumbo la kava, visishonewe juujuu! Mshono urudiwe mara mbili! Fundi akaniangalia, akaniuliza, "Mama, huyu anakusafirisha wewe au begi?" Mume wangu hakujibu. Mimi nilitamani sana kusikia jibu.

Jioni ya pili ilikuwa ya kupanga. Kama humjui mtu, mwangalie akipanga mzigo. Alitandika kila kitu sakafuni, watoto wakakatazwa kukanyaga. Ndani kabisa aliweka mfuko mzito usiopitisha maji, kila kitu kikaingia humo, kwa sababu mvua ya uwanja wa ndege hainyeshei begi kwa nusu saa tu, inaweza kulinyeshea kwenye nchi mbili. Chini vitu laini, maana begi hutua kwa makalio. Sufuria ikajazwa soksi ili isibonyee. Fimbo za kutembelea zikafupishwa hadi mwisho, zikaviringishwa kwenye kanga zangu mbili, zikasimamishwa katikati. Wageni wengi huzifunga kwa nje, akaniambia, na hizo ndizo za kwanza kuvunjika, na zikinasa zinaondoka na kitambaa. Nje ya begi hakubaki hata kikombe. Akajaza kila pembe, kwa sababu begi lenye nafasi tupu linabonyezwa na fremu inapinda, lakini pia hakulishindilia mpaka zipu ilie.

Halafu ikaja habari ya viatu. Nilikuwa nimeviweka juu ya rundo. Akavichukua akaviweka mlangoni. "Viatu vya mlima vinasafiri miguuni." Nikamwambia nitaonekana kituko, gauni na mabuti. Akanieleza jambo ambalo ningependa kila anayesafiri kutembea alijue. Wageni hufika KIA mabegi yao hayajafika, inatokea. Koti la baridi wanakodisha Moshi, mfuko wa kulalia wanakodisha, suruali wananunua mtumba. Lakini kiatu kilichoshika umbo la mguu wako hakuna anayeweza kukuazima. Amewaona waliopanda na viatu vya kukodi wakageuka siku ya pili na malengelenge. Kwa hiyo viatu mguuni, na kwenye kibegi cha mkononi kaa na dawa zako, koti la mvua, nguo moja nzito, karatasi zako zote, na klipu moja ya akiba ya mkanda wa kiuno. Klipu hiyo ni ya bei ya soda, na ikikosekana safari nzima unabeba kwa mabega.

Kuna mengine si ya hiari. Chaji ya simu ya kubebea, ile pawabenki, haiendi kwenye mzigo wa chini, unakaa nayo wewe. Kisu kinakwenda chini, hakikai na wewe. Kibiriti cha gesi usikifiche humo chini. Kopo la gesi la kupikia halipandi ndege kabisa, juu wala chini, utalinunua unakokwenda, na jiko lenyewe liwe safi lisinuke mafuta. Mama mkwe, pamoja na maneno yake yote, alileta kifurushi cha nyama iliyokaushwa nimpelekee shosti. Ilibidi nimweleze kwa upole kwamba Uingereza hawaruhusu mtu kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu. Alinuna. Kahawa ya kukaanga nilibeba, kilo nzima, na ndiyo iliyonukisha nguo zangu zote hadi Fort William. Sikulalamika.

Jioni ya tatu alilifunga. Hapa nitakwenda taratibu kwa sababu ndipo kazi ilipo. Klipu zote zikafungwa, hata zisizofunga kitu, maana klipu iliyo wazi ndiyo inayopasuka. Mikanda ya mabega ikavutwa mpaka ikalala kabisa mgongoni mwa begi. Mkanda wa kiuno akaugeuza, ukazungukia upande wa mbele wa begi, akaufunga huko kwa nyuma yake mwenyewe, begi likawa limejikumbatia. Ncha za vikamba zote akazikunja, akazibana kwa gundi ya karatasi. Akapitisha mkono juu ya begi lote, taratibu, huku amefumba macho, anatafuta kinachojitokeza. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka namwangalia ule mkono. Sikuwa nimeuangalia siku nyingi.

Vibandiko vya safari za zamani vya yule Mjerumani, vyenye mistari ya kusomwa na mashine, alikuwa amevibakiza miaka yote kama urembo. Usiku huo alivibandua kimoja kimoja, ili mashine isije ikasoma safari ya mwaka 2014. Akaandika karatasi yenye jina langu, namba zetu mbili na ya shosti, akaiweka juu kabisa ndani, kwa sababu lebo ya nje hung'oka. Akapiga picha begi likiwa wazi, limefungwa, na likiwa ndani ya kava. Zipu akazifunga pamoja kwa tai ya plastiki, na nyingine tatu akazitia kwenye kibegi changu, wakaguzi wakikata moja niwe na ya kurudishia. Kupima, tulitumia mizani ya kahawa ya mama mkwe, tukaitundika kwenye mti wa parachichi. Kilo 17. Tiketi yangu iliruhusu 23.

Alipomaliza akakaa. Nikamuuliza, hivi hukutaka hata kuniuliza nakwenda kufanya nini huko? Akakaa kimya, nikadhani ndiyo basi tena. Kisha akasema, "Mwaka ule wa Korona ulinilisha. Hukuniuliza kitu hata siku moja. Na mimi nikaona nisikuulize." Miaka mitano, dada zangu. Mtu amebeba maneno hayo miaka mitano! Tulikaa pale mpaka taa ya jirani ikazimwa, tukaongea mengine ambayo si ya kuandika gazetini.

KIA pale kaunta, kijana wa mizigo alilichukua kama sanduku la kawaida. Mwenzangu mmoja kwenye foleni, mzungu mwenye begi lisilo na kitu juu yake, fimbo nje, chupa nje, aliambiwa alipeleke kwenye dirisha la mizigo isiyo ya kawaida, na akasainishwa lebo ya kusema shirika halitawajibika likiharibika. Angalieni hilo. Mashirika mengi hukataa kulipia mikanda na vishikio hata bila lebo hiyo. Mimi nilifanya nilivyoagizwa, nikasoma ile lebo kabla haijaondoka: herufi za kiwanja cha mwisho ni GLA, yaani Glasgow, nisije nikajikuta nalisubiri begi wakati lenyewe limeishia Amsterdam. Kipande changu nikakibandika nyuma ya pasipoti.

Safari yenyewe siisimulii sana, si mada. Tulipita kando ya ziwa la Loch Lomond, tukavuka mbuga yenye maji ya Rannoch Moor mvua ikitupiga ubavuni, tukacheka, tukalia, tukazeeka pamoja siku nane. Begi lilikaa mgongoni kama mtoto aliyelala. Kava la turubai nililiacha kwa shosti mjini, maana sikuwa nabeba kilo ya turubai milimani, na tuliporudi nikalivika tena. Fort William nilimnunulia mume wangu koti la mvua. Shosti akatumbukiza ndani ya begi kile kidude kidogo cha kuonyesha mzigo uko wapi kupitia simu.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Ndege ya kutoka Glasgow ilichelewa. Amsterdam nilikimbia na mabuti yangu, nikawahi, begi halikuwahi. Nilisimama pale KIA mpaka mkanda ukazimwa na kijana akaja kufagia. Nikawa nawaza maneno ya mama mkwe tu. Lakini usitoke ukumbini, hata ukiwa unalia. Dirisha la mizigo lipo humo humo. Unajazwa fomu, unapewa namba, na fomu hiyo ndiyo ushahidi wako. Waliniuliza rangi, umbo, kilichomo. Nikafungua simu nikawaonyesha picha tatu, pamoja na kava na vishikio vyake vya mkanda wa gari. Yule dada alisema kwa furaha kabisa, "Hili likija hatulikosei."

Na kwa faida yenu, mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Uingereza zote zimo, unataka mzigo ulioharibika uulalamikie kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia kwa abiria kimekuwa SDR 1,519, hiyo ni sarafu ya kihesabu ya IMF, takriban dola 2,000 za Marekani. Ni kikomo, siyo zawadi, ukitaka kulipwa utaonyesha risiti. Begi aliloachiwa mtu kama bakshishi lina risiti gani?

Nikatoka nje mikono mitupu. Mume wangu alikuwa amesimama pale na wenzake waliokuja kupokea wageni, wote wanalijua lile begi. Aliangalia mgongo wangu. Kisha akanipokea kile kibegi cha mkononi, akaniuliza, "Miguu inaendeleaje?" Njia nzima nilimweleza ya shosti, ya mvua, ya ziwa. Tulipofika Boma Ng'ombe ndipo aliposema, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Mkanda wa kiuno uliugeuza?"

"Niliugeuza."

"Klipu?"

"Zote."

"Basi litakuja."

Asubuhi simu ilionyesha begi liko Amsterdam. Jioni, Amsterdam. Tarehe 1 Juni nzima, Amsterdam! Mama mkwe akapiga simu kuuliza kama nimefika salama, nikamjibu nimefika, akauliza "na vitu vyako?", nikasema vinakuja. Mume wangu alikwenda kwa rafiki yake kuulizia begi la kuazima, alirudi nalo, akaliegesha ukutani, hakuligusa tena. Jioni ya tarehe 2 walitupigia kutoka KIA. Tulikwenda wote wawili, na gari la kuazima.

Kava lilikuwa limechanika ubavuni, mchano mrefu kama mkono wangu, na kishikio kimoja kilikuwa kimekatwa na kitu chenye nguvu, mkanda wa gari umebaki nyuzi. Tai ya plastiki ilikuwa ya rangi nyingine, maana yake walikagua ndani wakafunga upya. Alifungua zipu palepale sakafuni, watu wanatupita. Akapitisha mkono kama siku ile. Klipu ya kiuno nzima. Mikanda mizima. Fremu imenyooka. Akanyanyua uso, nikaona machozi, akasema ni vumbi la turubai.

Koti aliliona nyumbani. Lilimkaa. Usiku wa tarehe 3 nilimpangia mimi lile begi, yeye amekaa mkekani ananisahihisha, na zamu hii mkanda wa kiuno haukugeuzwa kwa sababu lilikuwa linakwenda mgongoni mwake. La kuazima lilirudi kwa mwenyewe kabla ya saa moja asubuhi.

Fundi wa Memorial tumempelekea oda ya makava mawili, moja la begi la mume wangu na moja la begi nitakalonunua mimi mkopo wa kikundi ukitoka. Safari hii vishikio vitakuwa vitatu. Kava la zamani mama mkwe ameshalitaka, anasema likishonwa pale ubavuni litafaa sana kubebea majani ya ng'ombe.